Siku mbili hazitoshi: tangi jipya la samaki linakomaaje?

Ukinunua samaki wa mapambo Kampala, iwe dukani au kwa kijana anayewauza kando ya barabara wakiwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), ushauri unaopewa ni ule ule: jaza maji tangini, yaache siku mbili, kisha waingize. Ushauri huo si uongo. Kasoro yake ni kwamba unajibu swali la klorini na kumwacha mnunuzi akidhani swali la amonia, sumu inayotoka kwa samaki mwenyewe, nalo limejibiwa. Samaki wanaingia, siku za mwanzo wanakula vizuri, kabla wiki haijaisha mmoja anapanda juu kuhema, na baada ya wiki mbili tangi limebaki na mawe na mmea wa plastiki. Maji bado yanang'aa, na mwenye tangi anaapa kwamba aliuziwa samaki wagonjwa.

Kuna kungoja kwa namna mbili hapa. Kwa kwanza ni kwa siku moja. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, husafishwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka katika mitambo ya Ggaba na Katosi, na kabla ya kuingia mabombani hutiwa klorini ili vijidudu visimfikie mnywaji. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki. Ukiyaacha maji kwenye beseni wazi usiku kucha, au ukiyapigia hewa kwa pampu, klorini ya kawaida hutoka yenyewe. Anayetumia maji ya mvua hana hata haja ya kungoja huko, ingawa maji ya mvua yana balaa lake, nitalifikia.

Kungoja kwa pili ni kwa wiki nne hadi sita, na hakuhusu maji. Unangoja bakteria wa kuimaliza amonia wazaliane, na bakteria hao hawazaliani kwa sababu tangi limekaa bali kwa sababu wamelishwa. Hapo ndipo hata wenye subira wanapopotea. Wanawasha filta, wanaliacha tangi tupu mwezi mzima, kisha wanaingiza samaki ndani ya tangi ambalo kwa upande wa bakteria ni jipya kama siku ya kwanza. Ni sawa na kulima shamba, usipande kitu, halafu ukae kungoja kuvuna.

Sumu inatoka kwa samaki mwenyewe

Sehemu kubwa ya taka ya nitrojeni mwilini mwa samaki haitoki kwa mkojo kama yetu. Inatoka kupitia matamvua, ikiwa amonia, muda wote anapopumua. Mabaki ya chakula na kinyesi vikioza vinaongeza amonia nyingine. Ziwani jambo hili halina madhara: Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na nkejje, wale samaki wake wadogo, hata wakiwa wengi namna gani taka yao inapotea humo. Tangi la lita 100 ni jerikani tano. Amonia inayotoka leo ipo kesho, na ya kesho inaongezeka juu yake.

Kinachowaokoa samaki wa tangini ni makundi ya bakteria wanaoishi kwa kuunguza amonia kwa oksijeni. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu. Inaingia kwenye damu na kubadilisha hemoglobini isiweze tena kubeba oksijeni, damu ikawa ya kahawia, na samaki akahema juu ya maji ingawa maji yenyewe yana hewa ya kutosha. Nitrati ndiyo pumziko. Samaki wengi wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) huivumilia vizuri ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki au kwa mimea inayoila.

Kwamba kazi hii ni ya viumbe hai kumejulikana tangu 1877, pale Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipopitisha majitaka kwenye mchanga na kuona amonia ikigeuka nitrati. Walipotia klorofomu, inayofisha viumbe hai, kazi ilisimama. Mrusi Winogradsky aliwatenga bakteria wenyewe mwaka 1890. Kisha kwa miongo mingi vitabu vya wafugaji vikaandika kwamba kazi ya pili, ya kula nitriti, hufanywa na bakteria aitwaye Nitrobacter, hadi utafiti ulioongozwa na Timothy Hovanec mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi mfanyakazi hasa ni bakteria mwingine, Nitrospira. Mwaka 2015 ikagunduliwa Nitrospira inayoweza kufanya hatua zote mbili peke yake, na sampuli mojawapo ilitoka kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Nataja historia hii kwa sababu ya chupa. Zipo chupa za bakteria zinazouzwa kwa ahadi ya tangi tayari kwa siku moja, na bei yake si ndogo. Baadhi zinafanya kazi. Lakini ndani yake lazima wawe bakteria sahihi, na wawe hai. Chupa iliyovuka bahari ndani ya kontena, ikapanda lori kutoka Mombasa, kisha ikakaa kwenye rafu linalopigwa na jua, lebo yake haiwezi kukuambia kama wenyewe bado wapo. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua kipimo cha maji.

Kinachochelewesha mambo ni maumbile ya bakteria wenyewe. E. coli, wale wa tumboni, wakiwa na chakula na joto huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Hawa wa amonia, hata mazingira yakiwa mazuri, huhitaji nusu siku hadi siku nzima au zaidi. Tena hawaelei majini. Wanashikamana na kitu: matundu ya sponji, changarawe, kioo, kipande cha gogo. Kwa sababu hiyo, kuomba ndoo ya "maji yaliyokomaa" kwa rafiki mwenye tangi la zamani ni kujichosha bure. Mwombe sponji yake chafu. Kipande cha sponji yenye utelezi wa kahawia, kikasafirishwa kikiwa kimelowa ndani ya kaveera lenye hewa na kuingizwa kwenye filta yako siku hiyo hiyo, kinaweza kupunguza wiki sita zikawa mbili au chini ya hapo. Hakikisha tu samaki wake ni wazima, maana magonjwa nayo husafiri kwa sponji.

Na hapo hapo kuna njia ya haraka ya kuua tangi zima lililokuwa salama: kuosha sponji chini ya bomba hadi iwe nyeupe. Klorini inamaliza kazi ya mwezi kwa dakika. Sponji hukamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, mara mbili tatu, ikarudishwa ikiwa bado ina rangi.

Kulisha tangi lisilo na samaki

Zamani watu walianza na samaki wagumu wachache, wakawaacha wateseke hadi bakteria wapatikane. Bado inafanyika. Sioni sababu, wakati amonia inaweza kupatikana bila kumtesa yeyote.

Ya bei nafuu kabisa ni mukene, yaani dagaa. Chukua mukene wakavu watano au sita kwa tangi la lita 100, waoshe mchanga, wafunge ndani ya kipande cha soksi kuukuu ya nailoni na uwatumbukize karibu na filta. Wataoza, watanuka, na maji yatageuka meupe kama yametiwa maziwa kwa siku kadhaa. Weupe huo ni bakteria wengine, wale wanaoozesha, wanaozaliana haraka. Usibadilishe maji kwa sababu yao, wataisha wenyewe. Udhaifu wa mukene ni kwamba hujui hasa umetia amonia kiasi gani.

Anayetaka hesabu atumie urea, ile mbolea nyeupe ya punje inayopatikana kwenye kila duka la pembejeo. Iwe urea tupu, isiyo na rangi wala mchanganyiko. NPK, mbolea ya mchanganyiko, italeta fosfati nyingi na tangi litageuka kijani. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji. Mililita 43 za mchanganyiko huo kwenye tangi la lita 100 zinakupa miligramu 2 za nitrojeni kwa lita, kiasi ambacho wafugaji wengi hulenga. Lakini urea si amonia bado. Kuna bakteria wanaoivunja kwanza, na kwenye tangi jipya hilo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza kitasoma sifuri. Usidhani haikutosha ukamwaga nyingine. Tia pia chembe chache za chakula cha samaki, kwa kuwa bakteria wanahitaji fosfati kidogo ambayo urea haina.

Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili. Mwanzoni amonia itapanda na nitriti itakuwa sifuri. Katika wiki ya pili hivi amonia inaanza kushuka na nitriti inajitokeza, kisha inapanda juu sana na kukaa huko kwa muda unaokera. Watu wengi hukata tamaa hapa, na ndipo wanapotia samaki kwa sababu "amonia imekwisha". Kundi la pili huchelewa kwa kuwa chakula chake ni kazi ya kundi la kwanza. Nitriti ikizidi sana, tuseme rangi ya kipimo imefika mwisho wa kadi, badilisha nusu ya maji na upunguze dozi, kasi itarudi. Kila amonia inapokaribia sifuri, tia dozi nyingine.

Tangi limekomaa pale unapotia dozi kamili ya miligramu 2 jioni, na jioni inayofuata amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Kwa anayetumia urea, kubali siku ya ziada kwa ajili ya kuivunja. Kisha badilisha maji mengi, robo tatu au zaidi, kuondoa nitrati iliyorundikana, na samaki waingie siku hiyo au kesho yake. Ukichelewa kununua samaki, endelea kulisha, kwa sababu kundi lisilolishwa huzorota.

Kuhusu vipimo: vile vya matone ni vya kuaminika kuliko karatasi za kuchovya, na karatasi nyingi hazina hata sehemu ya amonia. Kipimo cha bwawa la kuogelea kinapima klorini na pH (kipimo cha asidi ya maji) tu, hakitakusaidia hapa. Na pua haisomi miligramu mbili.

Maji laini

Sehemu hii haisisitizwi vya kutosha katika maelekezo mengi, labda kwa kuwa huandikwa na watu ambao maji yao yana chokaa tele. Bakteria wa amonia huzalisha asidi wanapofanya kazi. Kila miligramu 1 ya nitrojeni wanayounguza hula takriban miligramu 7 za alkali, ile akiba ya kabonati inayozuia pH isianguke. Dozi moja ya miligramu 2 inakula 14. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, akiba yake si kubwa, na shabu ya kusafishia maji huipunguza tena kidogo. Baada ya dozi chache akiba inakuwa inaelekea kwisha. Maji ya mvua yaliyotekwa kutoka kwenye mabati na kuhifadhiwa kwenye tangi la plastiki karibu hayana akiba yoyote, na dozi ya kwanza tu inaweza kuimaliza.

Akiba ikiisha, pH inaanguka. Ikishuka chini ya 6 bakteria karibu wanasimama kazi. Mwenye tangi anaona amonia imekwama palepale wiki nzima na anaanza kulaumu filta.

Dawa yake iko jikoni. Bikaboneti ya soda, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5, kwenye lita 100, huongeza alkali kwa takriban miligramu 30 kwa lita. Iwe bikaboneti tupu. Bekingi pauda ina asidi ndani yake na haitafaa. Njia ya polepole zaidi ni mfuko mdogo wa maganda ya konokono wa ziwani, yale yanayouzwa kwa wafuga kuku kwa ajili ya chokaa. Yaoshe, yachemshe, yaweke ndani ya filta. Yanayeyuka kwa kadiri maji yanavyokuwa na asidi, basi yanajisimamia yenyewe.

pH ina jambo jingine, nalo ndilo linaloua samaki wa tangi la zamani lililoonekana salama. Amonia majini ina sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Kipimo kinazijumlisha. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH ya 7, isiyofika asilimia 1 ya jumla ndiyo iliyo katika sura ya sumu. Kwenye pH ya 8 ni zaidi ya asilimia 5, yaani karibu mara kumi, na maji hayajabadilika kwa kuyatazama. Sasa fikiria tangi lililopuuzwa ambalo pH yake imeanguka hadi 5.5. Bakteria wamesimama, amonia imejaa, lakini karibu yote ni amoniamu, samaki wanaishi. Siku moja mwenyewe anaamua kufanya usafi wa nguvu na kumwaga maji mapya yenye pH ya karibu 8. Ndani ya dakika chache sehemu ya amoniamu inageuka amonia, na jioni samaki wanaelea. Anayelaumiwa ni bomba. Tangi la namna hiyo hubadilishwa maji kidogo kidogo, ndoo moja kwa siku, kwa siku kadhaa.

Hewa, baridi na umeme

Kuunguza miligramu 1 ya nitrojeni hutumia zaidi ya miligramu 4 za oksijeni. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Joto la kawaida la nyumba ya Kampala linatosha bakteria, ingawa wangependa zaidi kidogo. Kabale, ambako usiku ni baridi kweli, bila hita wiki sita zinaweza kuwa nane au zaidi.

Umeme ukikatika saa moja mbili si hoja. Ukikatika usiku kucha, filta iliyofungwa kama mkebe ndiyo yenye hatari: bakteria waliomo wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa, na umeme unaporudi yale maji yenye uvundo yanasukumwa moja kwa moja kwa samaki. Yamwage kwanza, suuza kwa maji ya tangini, ndipo uwashe. Kwa hali ya umeme tuliyonayo, naona sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa yenye betri inamfaa anayeanza kuliko filta ya mkebe ya bei mbaya.

Mimea ni msaada mkubwa, hasa inayokua haraka, kwani huila amonia moja kwa moja kabla hata bakteria hawajaifikia. Tangi lililojaa mimea hai hukomaa kimyakimya. Usiende tu kuichuma ziwani kwa miguu mitupu. Konokono wanaoishi kwenye mimea ya ufukweni mwa Ziwa Viktoria ndio wanaobeba kichocho, na minyoo wake huingia kwa kupenya ngozi. Nunua kwa anayeikuza kwenye matangi.

Kama samaki tayari wamo

Wengi watasoma haya wakiwa wamechelewa. Hapo kazi ni kuwashikilia samaki hai huku bakteria wakikua chini yao. Lisha kidogo sana, mara moja kwa siku au hata siku moja moja. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili, ila kila punje unayotia ni amonia ya kesho. Pima kila siku. Amonia au nitriti ikifika nusu miligramu, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyokwisha toka klorini. Usiguse filta. Usiongeze samaki mwingine hata ukipewa bure.

Wiki za nitriti zikifika, chumvi husaidia kweli. Kloridi ya chumvi hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua na kuizuia isiingie kwenye damu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani kwa lita 100, kikayeyushwa kwanza kwenye kikombe, kinatosha kwa nitriti ya miligramu 2 hivi, na kila ukibadilisha maji unarudisha chumvi kwa kadiri ya maji uliyotoa. Iwe chumvi ya dukani ya kawaida. Ile ya Ziwa Katwe iliyochimbwa tu bila kusafishwa ina magadi ndani yake, nayo itapandisha pH katika wiki ile ile ambayo hutaki ipande.